Mlezi wa Kwenye Kibao

Ipo nchi moja inaitwa Mchakato. Msiitafute kwenye ramani, mtaumiza macho bure, na mtu asije akasema ni ya kwao, kwa sababu inajulikana wazi kwamba kwenu mambo kama haya hayapo. Katika nchi ya Mchakato kila kitu kilikuwa njiani kinakuja. Maji yalikuwa kwenye mchakato, barabara ilikuwa kwenye mchakato, na mwaka ambao mvua ilichelewa waziri mmoja aliwaambia wakulima watulie, mchakato unaendelea. Wakulima wakatulia. Mahindi ndiyo yaliyoshindwa kutulia, yakafa.

Humo ndimo alimokuwa anaishi Sikudhani Magodoro, msichana wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, mwenye macho ya kuuliza. Aliletwa kwenye kituo cha kulelea watoto akiwa mchanga, amefungwa kwenye kanga, siku ambayo wafadhili walikuwa wanateremsha magodoro. Mwandishi wa kituo alipofika kwenye nafasi ya jina la baba alitazama dirishani, akaandika alichokiona. Tusimlaumu, alitaka ukurasa ujae. Sikudhani alikua pamoja na akina Yohana Sabuni na Rehani Vyandarua, na kijana mmoja mpole aliyeitwa Festo Rangi-ya-Maji, ambaye kila jioni alimshukuru Mungu kwamba hakuchelewa kuletwa, maana siku iliyofuata yaliteremshwa masinki ya choo.

Sasa Sikudhani alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha utunzaji kumbukumbu, kule wanakofundisha namna ya kupanga mafaili ili yakitafutwa yaonekane. Katika nchi ya Mchakato elimu hiyo ilihesabiwa kuwa ya hatari kidogo, lakini iliruhusiwa. Alibakiza jambo moja tu: mafunzo kazini ya wiki nane, yale ambayo wanafunzi huyaita fildi. Mwanafunzi hupewa daftari. Kila siku anaandika humo kazi aliyoifanya, na mwisho msimamizi wa ofisi anaandika maoni yake, anatia sahihi na kugonga muhuri. Daftari lilitakiwa lifike chuoni Jumatatu baada ya wiki ya nane, kabla ya saa sita mchana. Likifika saa sita na dakika moja, mwaka unarudiwa.

Kwa mwanafunzi mwenye mjomba, kurudia mwaka ni aibu ya nyumbani. Kwa Sikudhani ilikuwa habari nyingine. Bweni la chuo lilimpa kitanda mpaka mwezi wa sita, basi. Kitanda chake cha kituoni alishakipata mtoto mwingine, anaitwa Happy Biskuti. Asipomaliza mwaka huu, hakuna mahali popote duniani pa kuweka kichwa.

Wenzake wenye wajomba walipata fildi kwa simu moja. Sikudhani hakuwa na mjomba, lakini alikuwa na serikali, na serikali ilikuwa na Mpango Kabambe wa Taifa wa Kuwashika Mkono Vijana Waliolelewa Vituoni. Mpango huo ulikuwa wa kuwatafutia vijana kama yeye nafasi za mafunzo na ajira. Ulizinduliwa upya kila mwaka kwenye ukumbi wa hoteli, na mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Vijana, Nafasi na Matumaini, Mheshimiwa Dakta Ngulumbi, mwenye udaktari wa heshima kutoka chuo kimoja cha ng'ambo kilichokuwa juu ya duka la viatu.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Mheshimiwa, kisha akaizingatia kwa dakika arobaini, akimtaja kila aliyekaa kwenye kiti chenye kitambaa. "Ndugu zangu, wengine wanasema. Sisi tunashika. Nimeagiza, na narudia kuagiza, kwamba kabla ya mwaka huu kwisha tuwe tumewashika mkono vijana mia nne."

Watu wakapiga makofi. Na kweli wakaanza kuwashika. Vijana walipangwa foleni, Mheshimiwa akamshika kila mmoja mkono, mpigapicha akapiga, karani akaweka alama ya vyema. Sikudhani alishikwa kwa sekunde kumi na moja, maana taa ya kamera iligoma mara mbili. Mkono wa Mheshimiwa ulikuwa laini kama maandazi ya moto. Kisha vijana wakapewa soda moja moja na kuambiwa kwamba utekelezaji umefikia asilimia ishirini na nane.

Sikudhani akanywa soda yake, kisha akauliza, "Na nafasi za fildi tunazipata wapi?"

Akaelekezwa wizarani, dirisha namba tisa.

Kwenye dirisha namba tisa alikaa Bwana Machupa, Afisa Mikono Mwandamizi. Alikuwa mtu mnene, mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kukatalia. Alimpa Sikudhani fomu ya kurasa kumi na nne.

Fomu yenyewe ilitungwa na watu wenye nia njema. Ilimtaka mwombaji wa mafunzo aambatishe uthibitisho wa uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu. Ilimtaka athibitishe kwamba hana wazazi, na uthibitisho huo usainiwe na wazazi wote wawili. Ikiwa mzazi amefariki, aeleze kwa maandishi ni kwa nini hakuweza kufika.

"Hapa patapita," alisema Bwana Machupa akiruka kurasa. "Hapa tunaomba dua. Hapa pia. Shida yako wewe ni kipengele cha tisa. Mlezi. Bila mlezi fomu haiendi popote. Mlezi wako nani?"

"Nimelelewa kituoni."

"Binti, kituo ni nyumba. Nyumba haina sahihi. Nataka mtu."

"Kuna mama aliyekuwa anatupikia, ndiye aliyetuuguza surua."

"Mpishi ni mpishi. Nataka mlezi anayetambulika rasmi."

Sikudhani akafikiri. Mbele ya kituo chao, pale getini, palikuwa na kibao kikubwa cha bluu, na alikuwa amekisoma kila siku tangu ajue kusoma, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusoma. Kilisema jina la kituo, kikasema hairuhusiwi kukojoa hapa, kisha kikasema: Mlezi, Mheshimiwa Dakta Ngulumbi. Naye Sikudhani hata siku moja hakuwahi kumdanganya mtu wa dirishani.

"Anayetambulika rasmi ni Mheshimiwa Dakta Ngulumbi," alisema.

Bwana Machupa akavua miwani ya kukatalia.

Hapa inafaa kuieleza lugha ya nchi hiyo, ambayo kwa bahati inafanana na yetu. Mlezi kwao ni yule anayekuogesha, anayekulisha na kukufinya ukilala bila kusali. Lakini mlezi pia ni yule mkubwa anayepewa cheo hicho na chama, kwaya au timu ya mpira, ambaye kazi yake ni kuja mara moja kwa mwaka akiwa amechelewa. Neno ni moja. Watu walilitumia miaka yote bila kugongana, kwa sababu wa kwanza hakuwahi kuandikwa popote, na wa pili hakuwahi kuogesha mtu.

"Mheshimiwa huyu huyu?" aliuliza Bwana Machupa kwa sauti ya kunong'ona. "Wa ghorofa ya saba?"

"Ndiye aliyeandikwa."

"Na umesimama juani muda wote huo, mwanangu, husemi?" Bwana Machupa akatoka nyuma ya dirisha, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu dirisha lijengwe, akafuta kiti kwa tai yake. "Karibu ukae. Soda au maji? Wewe kijana uliye nyuma yake, sogea, umemzibia hewa."

Dakika tisa baadaye Sikudhani alikuwa na barua ya kukubaliwa, yenye mihuri mitatu.

Fildi ikaanza. Alipewa chumba peke yake, chenye kiyoyozi, zulia na kiti kinachozunguka. Asubuhi ya kwanza alikaa akasubiri kazi. Ikaja chai. Saa nne akasubiri tena, zikaja sambusa. Alipotoka kwenda kuuliza kazi ilipo, katibu muhtasi wa korido hiyo alimrudisha kwa kumshika bega taratibu, kama anayerudisha kuku wa kizungu bandani.

"Kazi gani, dada? Wewe pumzika."

"Natakiwa kujifunza kupanga mafaili."

"Mafaili yana vumbi. Ukipiga chafya huku chini, huko juu tutasemaje?"

Wiki ya kwanza ikaisha. Kwenye daftari alikuwa ameandika: Jumatatu, chai. Jumanne, chai. Jumatano, nilihamisha kiti kutoka dirishani kwenda mlangoni, nikazuiwa. Mwalimu wa chuo alipokuja kumkagua alisoma ukurasa huo mara mbili.

"Sikudhani, hii nikiipeleka chuoni wanakufelisha. Mtunza kumbukumbu lazima aguse kumbukumbu."

"Hawaniachii, mwalimu."

"Nitaongea nao," alisema mwalimu kwa ukali, akatoka. Alirudi baada ya nusu saa anatafuna sambusa. "Nimeongea nao," alisema. "Kumbe mlezi wako ni yule. Mbona hukuniambia? Basi, mama, wewe jitahidi hivyo hivyo. Lakini daftari lijae, na siku ya mwisho ni ile ile."

Wiki ya tatu Sikudhani alitoroka. Alivua viatu, akapita korido kwa nyayo, akateremka mpaka chini kabisa ya jengo, kwenye masijala, mahali ambapo mafaili yote ya wizara huwekwa. Huko alimkuta Bi Kidawa, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, amekaa kati ya milima ya karatasi akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea au umefukuzwa?"

"Nimetoroka. Natafuta kazi."

Bi Kidawa akaweka ungo chini. "Miaka ishirini na sita niko humu," alisema. "Wanaokuja huku huwa wanakimbia kazi. Wewe unaitafuta. Kaa hapa nikutazame vizuri."

Akampa kitambaa cha kufutia vumbi, na kuanzia siku hiyo Sikudhani akawa anakunywa chai juu mpaka saa tatu, kisha anashuka kuwa mtu. Bi Kidawa alimfundisha mambo ambayo chuoni hayakufika: kwamba faili lenye maneno "ya siri" huwa halina kitu, na lenye kitu huwa limeandikwa "mengineyo", kwamba panya huanza na bajeti. Daftari likaanza kujaa.

Wiki ya tano, nyuma ya kabati, wakakuta gunia. Juu yake paliandikwa kwa kalamu nene: MCHAKATO. Sikudhani akalifungua. Ndani mlikuwa na fomu za kurasa kumi na nne, tisini na tatu kwa idadi. Festo Rangi-ya-Maji alikuwamo. Rehani Vyandarua alikuwamo, na picha yake ndogo amevaa tai ya kuazima. Walikuwamo vijana wa vituo vya nchi nzima, wengine waliomba miaka miwili iliyopita. Kila fomu ilikuwa imejazwa vizuri, na kila fomu kipengele cha tisa kilikuwa wazi. Wengine walipiga mstari hapo. Mmoja alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: samahani.

Sikudhani akakaa chini, juu ya gunia tupu. Hao ndio wale waliokuwa wanaambiwa kila wakipiga simu kwamba mambo yanashughulikiwa.

"Bibi, fomu yenye upungufu inafanywaje kwa taratibu za masijala?"

"Inarudishwa kwa mwenyewe na karatasi ya maelekezo, ndani ya siku thelathini," alisema Bi Kidawa. "Ndivyo kanuni inavyosema. Kanuni yenyewe niliisoma mwaka nilipoolewa mara ya pili, sijasikia mtu akiitaja tena."

"Basi tuzirudishe."

"Na hayo maelekezo utaandika nini?"

Sikudhani akachukua kalamu. Akaandika tisini na tatu, moja moja, kwa mwandiko wake wa chuo: Tafadhali jaza kipengele cha tisa. Ukikwama, soma kibao cha kituo chako.

Bi Kidawa alisoma moja, akavua miwani, akacheka bila sauti mpaka mchele ukamwagika. Maana Bi Kidawa alikijua asichokijua Sikudhani vizuri: kwamba Mheshimiwa hakuwahi kupitwa na utepe. Kituo chochote kilichofunguliwa, yeye ndiye aliyekata. Alikuwa mlezi wa vibao nchi nzima.

Baada ya siku kumi na mbili fomu zikarudi. Bwana Machupa alifungua bahasha ya kwanza, akasoma kipengele cha tisa, akasimama kwa heshima. Akafungua ya pili, akabaki amesimama. Alipofika ya thelathini akaomba kiti. Alipofika ya tisini na tatu akawaita wenzake wa dirisha la nane na la kumi, akafunga mlango.

"Jamani," alisema, "mzee alikuwa na nguvu."

"Wote hawa wake?"

"Wameandika wenyewe. Na wengine wamezaliwa mwezi mmoja, mikoa minne tofauti."

"Alikuwa anasafiri sana kikazi," alisema wa dirisha la nane, kwa kuelewa.

Hakuna hata mmoja aliyethubutu kumkataa mtoto wa Mheshimiwa, sembuse tisini na watatu. Barua za kuwakubali zikaandikwa siku hiyo hiyo: waripoti Jumatatu, saa mbili asubuhi, wapangiwe ofisi. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Mchakato kwa jambo la watu wengi kuanza na kwisha ndani ya siku moja, na mzee mmoja wa wizara alipata kizunguzungu.

Ijumaa ya wiki ya nane, wizara ikipigwa rangi kwa ajili ya wageni wa nje waliotarajiwa Jumatatu, Sikudhani alimpelekea Bwana Machupa daftari lake lililojaa, atie sahihi na muhuri. Bwana Machupa alilifunga bila kulisoma.

"Siwezi, mwanangu. Waraka Namba Saba. Afisa haruhusiwi kumpima ndugu wa kiongozi wake, ni upendeleo. Nikutilie sahihi mimi nifukuzwe kazi?"

"Lakini ulinipokea kwa sababu hiyo hiyo."

"Kupokea hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kupima." Akavaa miwani ya kukatalia, kwa masikitiko. "Niletee barua ya Mheshimiwa kwamba wewe si ndugu yake. Nikiiona, nagonga."

Sikudhani hakuwa hata amefikiria namna ya kufika ghorofa ya saba, mara yeye mwenyewe akaitwa huko.

Ofisini kwa Waziri alimkuta Mheshimiwa nyuma ya meza pana kama kiwanja, na mbele ya meza hiyo mama mmoja mfupi, amejifunga kitenge kwa namna ya mtu aliyekuja kukaa. Huyo alikuwa Mama Waziri. Habari za madirishani zilikuwa zimemfikia saluni, kichwa kikiwa na dawa nusu, na alikuja na nusu hiyo hiyo.

"Tisini na wanne, Baba Doto," alikuwa anasema taratibu. "Mimi umenipa wawili kwa shida."

"Mke wangu, ni suala la kiistilahi."

"Nani huyo Istilahi? Naye ana wangapi?"

Mheshimiwa akamgeukia Sikudhani kama mtu aliyeona kamba mtoni. "Wewe. Wewe ndiye uliyeandika kwamba mimi ni mlezi wako?"

"Kibao ndicho kilichoandika, Mheshimiwa. Mimi nilinakili."

"Ule ni ulezi wa heshima."

"Wa heshima ndio upi?" aliuliza Mama Waziri. "Mtoto anashiba heshima?" Akamtazama Sikudhani tangu juu hadi chini, akaona viatu vyake, uso ukalegea kidogo. "Mwanangu, huyu aliwahi kuja huko kwenu?"

"Aliwahi kuja mara moja, mama. Alikata utepe akaondoka na mkasi."

Mama Waziri akakohoa, na kikohozi hicho kilikuwa kicheko. "Baba Doto, kama uliwalea, nitajie mmoja uliyewahi kumfuta kamasi."

Mheshimiwa akafikiri. "Kamasi zilikuwa kwenye makadirio ya mwaka ujao," alisema.

Kisha akavuta karatasi iliyokwishachapwa. "Nalimaliza hili sasa hivi. Hii barua inabandikwa kwenye mbao zote za matangazo. Inasema: Mimi simlei wala sijawahi kumlea mtu yeyote. Nikisaini hapa, majina yote hayo yanafutwa, na mke wangu anarudi saluni."

Akachukua kalamu.

Sikudhani aliitazama ile kalamu. Barua hiyo ndiyo aliyoitaka. Akiwa na nakala yake mkononi, Bwana Machupa atagonga, daftari litafika, chuo kitakwisha na kitanda atajitafutia. Anachotakiwa kufanya ni kunyamaza kwa muda wa sahihi moja. Lakini sahihi hiyo hiyo ilikuwa inawarudisha Festo na Rehani na wote tisini na watatu kwenye gunia, pamoja na yule wa samahani.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba kuuliza. Wageni wa nje wanaokuja Jumatatu, wanakuja kukuvisha nishani ya nini?"

Kalamu ikasimama. "Nishani ya Mlezi Bora wa Bara."

"Na barua hii wataisoma kabla ya kukuvisha, au baada?"

Mama Waziri akavuta kiti, akakaa, kama mtu ambaye sasa amefika penyewe.

"Kwa hiyo unataka niseme ninyi wangu?" aliuliza Mheshimiwa.

"Sema mimi umemaliza kunilea. Nimekua, basi, hatudaiani undugu. Hao wengine ndio kwanza unaanza nao."

"Yaani ulezi uko kwenye..."

"Kwenye mchakato, Mheshimiwa."

Uso wa Mheshimiwa ukachangamka. Hilo neno alilielewa. Hata akalitembeza mdomoni mara mbili. Akaita mchapaji, na baada ya robo saa Sikudhani alitoka na barua isemayo kwamba Mheshimiwa Dakta Ngulumbi amemlea Sikudhani Magodoro kikamilifu, amemaliza, na kuanzia leo si ndugu yake tena. Nyuma ya mlango alimsikia Mama Waziri akisema, "Na hao wanaoanza, Baba Doto, majina yao nayataka nyumbani. Utawataja mmoja mmoja mpaka uwajue."

Alishuka ngazi mbio. Dirisha namba tisa lilikuwa limefungwa. Ilikuwa saa nane na robo, Ijumaa. Bwana Machupa alikuwa kwenye mchakato wa kwenda nyumbani tangu saa saba.

Jumatatu saa mbili asubuhi uwanja wa wizara ulikuwa umefungwa maturubai. Wageni wa nje walikaa mbele na madaftari yao, wakiandika hata majina ya maua. Sikudhani akamkuta Bwana Machupa kwenye kipaza sauti, amevaa suti ya harusi yake, kwa maana ndiye mshereheshaji. Akampa ile barua. Bwana Machupa akaisoma neno kwa neno.

"Si ndugu yake tena," alirudia. "Sawasawa. Hii inatosha. Sherehe ikiisha nagonga."

"Inaisha saa ngapi?"

Bwana Machupa akamwonyesha ratiba. Vijana kumsalimia Mheshimiwa, dakika tano. Hotuba ya Mheshimiwa, kurasa arobaini. Kisha nishani, kisha chakula. Mwisho, saa tisa alasiri.

"Daftari linatakiwa chuoni kabla ya saa sita, Bwana Machupa. Nigongee sasa."

"Muhuri uko dirishani, na mimi niko kwenye itifaki. Nikiondoka hapa mbele ya wageni, nimekwisha." Akampa karatasi ya majina. "Nisaidie kitu. Wewe si umesomea mambo ya orodha? Wapange hao ndugu zako, wapite wamsalimie baba."

Sikudhani akaishika ile orodha, akaitazama, kisha akaitazama hotuba iliyokuwa mezani, nene kama tofali. Akaenda getini walikosimama wale tisini na watatu na mashati yao yaliyopigwa pasi.

"Jamani," aliwaambia, "tumefundishwa adabu au hatukufundishwa?"

"Tumefundishwa," alijibu Rehani.

"Basi hakuna kusalimia kwa mkupuo kama wanafunzi wa chekechea. Kila mtu afike mbele yake, apige goti, aseme kwa sauti, shikamoo baba. Asiondoke mpaka ajibiwe. Ukijibiwa kwa sauti ndogo, huenda hukusikika, rudia."

Katika nchi ya Mchakato mtu mkubwa anaweza kusamehewa mambo mengi. Akichukua kiwanja cha shule, ataeleza. Lakini akisalimiwa shikamoo na mtoto hadharani asiitikie, huyo hazikwi vizuri. Tena mbele ya wageni, siku ya kuvishwa nishani ya ulezi.

Kwa hiyo Mheshimiwa aliitikia. "Marahaba, mwanangu," kwa wa kwanza, kwa sauti nzito ya majukwaani. "Marahaba, marahaba," kwa wa kumi. Wageni wa nje walifurahi, wakaomba wasogee karibu na kipaza sauti wasikie vizuri. Ilipofika arobaini Mheshimiwa aliomba maji. Ilipofika sitini sauti ilikuwa inatoka kama mlango wa stoo. Festo Rangi-ya-Maji, ambaye kwa upole wake hakutaka kumwacha mzee na dhambi, alisema hakusikia vizuri, akarudia mara tatu. Mama Waziri, kwenye kiti cha mbele, alikuwa akisema kila mara, "Mwitikie mtoto, Baba Doto."

Wa tisini na tatu alijibiwa kwa midomo tu.

Mheshimiwa akasimama kwenye kipaza sauti. Akafungua ukurasa wa kwanza. Akafumbua kinywa, kikatoka kitu kama upepo kwenye tairi. Akajaribu itifaki, ikagoma. Akamnong'oneza Bwana Machupa sikioni, Bwana Machupa akatikisa kichwa, akatangaza kwa uchungu mkubwa kwamba hotuba itagawiwa kwa maandishi, kwamba nishani ivishwe mara moja, na kwamba vijana waende makazini kwao, maana hakukuwa na kingine cha kufanya nao. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Wazee wa wizara walitazamana. Walikuwa hawajawahi kuona sherehe ikiisha watu wakiwa macho. Vijana tisini na watatu wakaingia ndani ya jengo, na kwa kuwa hapakuwa na aliyebaki mlangoni wa kuwazuia, wakaanza kazi.

Sikudhani alikuwa tayari amesimama dirisha namba tisa. Bwana Machupa akaja anafuta jasho, akakaa, akachukua daftari. Aliligonga muhuri. Alitia sahihi. Kisha akafika kwenye nafasi ya mwisho, ile ya maoni ya msimamizi juu ya tabia ya mwanafunzi, akasita, akamtazama msichana yule kwa muda mrefu bila miwani yoyote, kana kwamba kuna jambo anataka kulijua na anaogopa kuliuliza.

Daftari lilipokelewa chuoni saa tano na dakika hamsini na mbili. Karani wa chuo alihesabu kurasa, akakagua muhuri, akasoma maoni ya msimamizi kwa sauti ili ayanakili kwenye kitabu chake. Yalikuwa maneno matatu: Ana adabu mno.